Fangio: Bingwa aliyeipima barabara kabla ya kukanyaga mafuta

USHINDI mkubwa zaidi katika maisha ya Juan Manuel Fangio, dereva wa Argentina aliyetwaa ubingwa wa dunia wa mbio za magari mara tano, ulianza kwa hesabu iliyofanywa gari likiwa bado limesimama.

Ilikuwa mwanzoni mwa Agosti 1957 katika barabara ya mashindano ya Nürburgring, Ujerumani Magharibi. Fangio na makanika wa kampuni ya Maserati walikuwa na swali moja la kujibu kabla ya mbio za Jumapili. Je, matairi ya gari lao yangestahimili mizunguko 22, safari ya zaidi ya kilomita 500, huku gari likiwa limebeba petroli ya kutosha safari nzima?

Waliamua kwamba hayangestahimili. Matairi yao ya Pirelli yalikuwa laini kuliko ya wapinzani wao wa Ferrari. Tairi laini hushika lami vyema katika kona lakini huisha upesi, na huisha upesi zaidi gari linapolemewa na petroli. Kwa hivyo wakakubaliana kuanza na nusu ya tangi, wachukue uongozi gari likiwa jepesi, kisha wasimame katikati ya mbio ili wabadilishe matairi ya nyuma na kuongeza mafuta. Madereva wa Ferrari walikuwa wamepanga kwenda moja kwa moja hadi mwisho bila kusimama.

Hesabu ya namna hiyo ndiyo iliyomtofautisha Fangio na wenzake. Madereva wengi wa enzi yake walikuwa na ujasiri sawa na wake, na baadhi yao walikuwa vijana walioweza kuwa wanawe. Wengi wao pia walikufa wakiwa usukanini. Yeye aliaga dunia kitandani akiwa na umri wa miaka 84.

Kijana wa karakana

Fangio alizaliwa mnamo Juni 24, 1911 katika mji mdogo wa Balcarce, yapata kilomita 400 kusini mwa jiji la Buenos Aires. Eneo hilo linajulikana kwa kilimo cha viazi. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Italia, na baba yake alijipatia riziki kwa kazi ya ujenzi. Juan Manuel alikuwa mtoto wa nne katika familia ya watoto sita.

Hakukaa shuleni muda mrefu. Akiwa bado mvulana aliingia katika karakana za mji huo kujifunza ufundi wa magari, akaanza kwa kufagia sakafu na kuosha vyuma kabla ya kuruhusiwa kushika spana. Jioni alicheza soka. Miguu yake iliyopinda kidogo ndiyo iliyompa jina la utani la El Chueco, yaani mwenye matege, na jina hilo lilimfuata hadi uzeeni.

Baadaye alifungua karakana yake mwenyewe pamoja na rafiki zake. Kazi hiyo ilimfunza jambo ambalo madereva wengi matajiri wa Ulaya hawakulijua: kusikiliza injini na kutambua ni kifaa gani kitakachovunjika kabla hakijavunjika. Alijua uchovu wa chuma kwa kuugusa.

Mnamo 1936 alishiriki mashindano kwa mara ya kwanza akiwa na gari la Ford lililokuwa likitumika kama teksi. Halikumaliza mbio. Hata hivyo, watu wa Balcarce walikuwa wameona kipaji, na miaka michache baadaye walichanga fedha ili kumwezesha kupata gari bora la kushindania.

Shule ya barabara za vumbi

Mashindano ya Argentina wakati huo hayakufanyika katika viwanja vya lami. Yalikuwa safari ndefu kutoka mji hadi mji, kwenye barabara za vumbi, changarawe na matope, ambazo wafuasi wa Safari Rally hapa Kenya wangezielewa mara moja. Dereva hakupata nafasi ya kufanya mazoezi katika kila kona. Ilimbidi asome ardhi iliyo mbele yake: rangi ya udongo, kina cha nyayo za magurudumu yaliyopita, na sehemu ambayo maji ya mvua yalikuwa yametuama.

Mnamo 1940 Fangio alishinda mbio zilizotoka Buenos Aires hadi Lima, mji mkuu wa Peru, na kurudi. Safari hiyo ilikuwa ya karibu kilomita 9,500 na ilichukua takriban majuma mawili. Magari yalipanda milima ya Andes hadi penye hewa nyepesi inayopunguza nguvu za injini, kisha yakashuka kwenye joto la jangwa la pwani. Fangio aliendesha Chevrolet, na alipoharibikiwa njiani aliitengeneza mwenyewe akisaidiwa na mwenzake. Mwaka huo alitwaa ubingwa wa kitaifa, akautwaa tena 1941.

Katika safari za namna hiyo alijifunza kwamba gari lenye kasi zaidi asubuhi si lazima liwe la kwanza jioni. Aliyetumia matairi, breki na injini yake kwa kiasi alikuwa na kitu cha kutumia wakati wengine wameishiwa. Katika maisha yake yote alishikilia kwamba dereva anapaswa kushinda kwa mwendo wa chini kabisa unaotosha kushinda.

Lakini shule hiyo ilikuwa na karo kubwa. Mnamo 1948 yalifanyika mashindano kutoka Buenos Aires hadi Caracas, Venezuela. Fangio, akiwa amechoka kwa siku nyingi za kukosa usingizi, alikuwa akienda kwa kasi usiku nchini Peru alipofika kwenye kona ambayo hakuitarajia. Gari liliacha barabara na kubiringika. Mwenzake, Daniel Urrutia, ambaye pia alikuwa rafiki yake, alirushwa nje na kufariki.

Fangio alijiuliza iwapo angeweza kuendelea na mashindano. Alikuwa na umri wa miaka 37, ambao kwa dereva wa mbio ulikuwa umri wa kufikiria kustaafu. Alichagua kuendelea, ila kuanzia hapo kila kona iliyofichika ilibeba kumbukumbu ya Urrutia.

Maji ya Monaco na magurudumu ya Barcelona

Mnamo 1949, kwa usaidizi wa serikali ya Rais Juan Perón, Fangio alipelekwa Ulaya kushindana na madereva bora zaidi duniani. Wazungu wengi hawakuwa wamelisikia jina lake. Kufikia mwisho wa msimu alikuwa ameshinda mbio sita, na kampuni ya Alfa Romeo ikamwajiri kwa msimu wa 1950, mwaka ambao mashindano ya ubingwa wa dunia ya Formula One, maarufu kama langalanga, yalianzishwa.

Katika mbio za Monaco za Mei mwaka huo, barabara ililowa maji ya bahari yaliyorushwa na mawimbi kwenye kona iliyo kando ya bandari. Katika mzunguko wa kwanza, magari yaliyokuwa nyuma ya Fangio yalianza kuteleza moja baada ya jingine, mengine yakayagonga yaliyotangulia. Magari tisa yaliharibika mahali hapo.

Fangio alikuwa mbele na hakujua lolote. Alipokaribia mahali hapo katika mzunguko wa pili, aligundua kwamba watazamaji hawakuwa wakimtazama yeye. Nyuso zao zilikuwa zimeelekezwa upande wa pili. Kwa kuwa alikuwa akiongoza, alitambua kwamba kulikuwa na jambo kubwa mbele lililowavutia kuliko kiongozi wa mbio. Alikanyaga breki, akapita polepole katikati ya mabaki ya magari, kisha akaendelea na kushinda.

Ubingwa wa mwaka huo ulimwendea mwenzake wa Alfa Romeo, Giuseppe Farina, kwa tofauti ya alama tatu. Ulipofika msimu wa 1951, mpinzani mkuu alikuwa Alberto Ascari wa Ferrari, na mshindi alisubiriwa kubainika katika mbio za mwisho huko Pedralbes, jijini Barcelona, mnamo Oktoba 28.

Gari la Alfa Romeo lilikuwa na nguvu nyingi lakini lilikunywa mafuta kupita kiasi, zaidi ya lita moja kwa kila kilomita. Ferrari zilitumia mafuta kidogo zaidi, na katika mazoezi Ascari ndiye aliyekuwa wa kwanza kwa kasi. Kwa hesabu ya saa peke yake, Ferrari zilikuwa na kila sababu ya kutarajia ubingwa.

Kosa la Ferrari lilikuwa katika magurudumu. Kwa mbio hizo timu hiyo ilichagua magurudumu madogo, yenye kipenyo cha inchi 16. Gurudumu dogo huzunguka mara nyingi zaidi kwa kila kilomita, na kwa hivyo mpira wake hupata joto na kulika upesi. Baada ya mizunguko michache tu, matairi ya Ferrari yalianza kubanduka ngozi ya juu. Madereva wake walilazimika kusimama mmoja baada ya mwingine. Fangio, ambaye gari lake lilikuwa na magurudumu makubwa, alishinda mbio na kupata ubingwa wake wa kwanza wa dunia akiwa na alama 31 dhidi ya 25 za Ascari.

Usiku mmoja bila usingizi

Mnamo Juni 1952 Fangio alikiuka kanuni zake mwenyewe, na nusura alipe kwa uhai wake.

Alikuwa ameahidi kushiriki mbio mbili katika siku mbili mfululizo: Dundrod, karibu na Belfast huko Ireland Kaskazini, siku ya Jumamosi, na Monza, kaskazini mwa Italia, siku iliyofuata. Usafiri wa ndege ulimvurugikia. Alipofika Paris hakupata ndege ya kumpeleka Italia, hivyo akachukua gari na kuendesha usiku kucha, akivuka milima ya Alps.

Aliwasili Monza ikiwa imesalia takriban nusu saa kabla ya mbio kuanza. Hakuwa amefanya mazoezi hata mzunguko mmoja. Hakujua hali ya lami siku hiyo, hakuwa amepima breki za gari lake jipya la Maserati, na hakuwa amelala. Aliwekwa mwisho wa foleni, naye akaanza kuwapita wenzake haraka ili afike mbele.

Katika mzunguko wa pili, kwenye kona ya Lesmo, gari lilianza kuteleza. Dereva aliyepumzika angelirekebisha kwa kugeuza usukani kidogo. Fangio alichelewa sehemu ndogo ya sekunde, na gari likapinduka na kumrusha nje. Alivunjika mfupa wa shingo na kukaa miezi kadhaa hospitalini na nyumbani akiuguza jeraha hilo. Hakushiriki tena mbio za ubingwa mwaka huo, na shingo yake haikupata kugeuka vyema kama awali.

Haraka haraka haina baraka, wahenga walisema. Ajali ya Monza ilifanana na ya Peru kwa jambo moja: katika zote mbili Fangio alikuwa amechoka, na alikuwa akienda kwa kasi mahali ambapo hakuwa amepapima. Tangu hapo alihakikisha amefika mapema, amelala vya kutosha na ameijua barabara kabla ya bendera kushushwa.

Mishale ya fedha

Mwaka wa 1954 Fangio alianza msimu na Maserati, akashinda mbio za Argentina zilizovurugwa na mvua, kisha za Ubelgiji. Katikati ya mwaka alihamia Mercedes-Benz, iliyokuwa ikirejea mashindanoni na magari ya rangi ya fedha. Katika mbio zake za kwanza na timu hiyo, huko Reims nchini Ufaransa, alishinda.

Gari hilo lilikuwa na bodi iliyofunika magurudumu yote ili kupasua hewa vyema. Kwenye barabara nyoofu za Reims lilikuwa hatari kwa wapinzani. Lakini majuma mawili baadaye huko Silverstone, Uingereza, mambo yalibadilika. Kona za uwanja huo zilikuwa zimewekewa mapipa kama mipaka, naye Fangio, aliyezoea kulenga kona kwa kutazama gurudumu la mbele, hakuweza kuyaona magurudumu yake. Aligonga mapipa, akakunja bodi ya gari na kumaliza wa nne.

Mercedes ilikuwa tayari ikitengeneza gari lenye magurudumu ya wazi, na likawa tayari kwa mbio zilizofuata za Nürburgring, ambako Fangio alishinda. Ushindi huo haukuwa na furaha. Siku moja kabla, kijana Onofre Marimón, Mwargentina ambaye Fangio alikuwa amemlea katika mchezo huo, aliacha barabara akiwa mazoezini na kufariki. Fangio alikimbia Jumapili hiyo huku mwili wa kijana wake ukisubiri kusafirishwa nyumbani.

Alitwaa ubingwa mwaka huo, na tena 1955. Katika msimu huo wa pili alishuhudia maafa makubwa zaidi katika historia ya mbio za magari. Mnamo Juni 11, 1955, wakati wa mbio za saa 24 za Le Mans, Mercedes ya Mfaransa Pierre Levegh iliparamia gari jingine, ikaruka na kuangukia umati. Zaidi ya watu 80 walikufa, Levegh akiwa mmoja wao. Fangio alikuwa nyuma yake, na aliamini hadi mwisho wa maisha yake kwamba mkono alioinua Levegh kabla ya kugonga ulikuwa ishara iliyomwokoa. Mercedes ilijiondoa katika mashindano mwishoni mwa mwaka huo.

Ushauri uliokataliwa

Mnamo 1956 Fangio alijiunga na Ferrari. Ubingwa ulitegemea tena mbio za mwisho, zilizofanyika Monza mnamo Septemba. Wakati huu barabara ilijumuisha sehemu ya zege iliyoinuliwa kama ukuta, ambapo magari yalikandamizwa chini kwa nguvu kubwa na matairi kupashwa joto kupita kawaida. Katika mazoezi, matairi ya Ferrari yalikuwa yameonyesha dalili za kubanduka.

Wawili kati ya wenzake katika timu, Waitaliano Eugenio Castellotti na Luigi Musso, walitamani mno kushinda mbele ya watu wao. Fangio aliwapa pendekezo. Wamfuate yeye, naye atashika mwendo ambao matairi yangeweza kuustahimili. Ikisalia mizunguko michache atawaachia njia, washindane wao wawili kwa ushindi, kwa kuwa yeye alihitaji ubingwa tu.

Vijana hao walikataa. Bendera iliposhushwa walitoka kwa kasi yao yote, wakipishana mzunguko hadi mzunguko mbele ya umati uliokuwa ukishangilia. Haikufika mizunguko mitano kabla ya wote wawili kulazimika kusimama, matairi yao yakiwa yamechanika. Castellotti alipata ajali baadaye kwa sababu ya tairi. Musso alirejea na kuwania uongozi hadi karibu na mwisho, kisha gari lake likamharibikia pia.

Hata Fangio hakuepuka masaibu siku hiyo, kwani chuma cha kuongoza magurudumu ya mbele cha gari lake kilivunjika. Aliyemwokoa ni Peter Collins, Mwingereza mwenye umri wa miaka 24 ambaye yeye mwenyewe alikuwa na nafasi ya kuwa bingwa. Collins alisimama, akashuka na kumpa Fangio gari lake, jambo lililoruhusiwa na sheria za wakati huo. Fangio alimaliza wa pili nyuma ya Stirling Moss na kupata ubingwa wa nne.

Siku aliyovuka mpaka

Fangio alirejea Maserati mwaka wa 1957, na hivyo ndivyo alivyofika Nürburgring akiwa na umri wa miaka 46, akiwa na tangi nusu na mpango wa kusimama mara moja. Barabara hiyo ya karibu kilomita 23 ilipita msituni katika milima ya Eifel, ikiwa na kona zaidi ya 170. Hakuna dereva aliyeweza kudai kwamba anaikumbuka yote. Katika mazoezi Fangio aliizunguka kwa dakika 9 na sekunde 25.6, akapata nafasi ya mbele kabisa.

Mwanzoni hesabu ilikwenda sawa. Alizipita Ferrari za Mike Hawthorn na Peter Collins katika mzunguko wa tatu na kufungua pengo. Aliposimama mwishoni mwa mzunguko wa 12 alikuwa mbele kwa takriban sekunde 28, muda uliotarajiwa kutosha.

Kisha mpango ukavurugika mikononi mwa makanika. Nati ya gurudumu ilianguka na kubingirika chini ya gari, na muda ukapotea ikitafutwa. Fangio alipoondoka, Ferrari zote mbili zilikuwa zimepita kitambo, naye alikuwa nyuma kwa takriban robo tatu ya dakika. Ilisalia mizunguko 10.

Hakukurupuka. Matairi mapya yalihitaji kupata joto na kutulia kabla ya kushika lami sawasawa, na petroli iliyoongezwa ilikuwa imebadilisha uzito wa gari. Alilipa muda. Wakuu wa Ferrari, walipoona pengo halipungui, waliamini kwamba mbio zimekwisha.

Ndipo Fangio alipofanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Katika kona ambazo kwa kawaida aliziingia kwa gia ya tatu, aliziingia kwa gia ya nne. Kuingia kwa gia ya juu kulimlazimu kuliachia gari liteleze kwa magurudumu yote manne, likielea kwenye ukingo wa barabara, ili litoke kwenye kona likiwa na kasi kubwa zaidi. Alikuwa ameipima barabara hiyo kwa miaka mingi na kujua mahali ambapo mshiko wa matairi huishia. Sasa alipita mahali hapo kwa makusudi, kona baada ya kona, huku kiti chake kikiwa kimelegea na akijishikilia kwa magoti.

Rekodi ya mzunguko ilivunjwa tena na tena. Katika mzunguko wa 20 alitumia dakika 9 na sekunde 17.4, ikiwa ni sekunde 8.2 chini ya muda wake bora wa mazoezi na zaidi ya sekunde 24 chini ya rekodi aliyoiweka mwenyewe mwaka uliotangulia. Katika mzunguko wa 21 alimpita Collins, kisha Hawthorn. Alishinda kwa sekunde 3.6.

Hawthorn na Collins, waliokuwa wameshindwa, walimshangilia kana kwamba wao ndio walioshinda. Ulikuwa ubingwa wake wa tano, na ushindi wake wa 24 na wa mwisho katika mbio za ubingwa wa dunia.

Hata hivyo, Fangio hakuweza kulala usiku ule wala uliofuata. Kila alipofumba macho aliziona kona zile na kujiona akiziingia kwa kasi ile. Alikiri kwamba hakuwahi kuendesha gari namna hiyo maishani mwake, na kwamba hakutaka kuendesha hivyo tena. Watazamaji waliona kilele cha ufundi. Yeye aliona kwamba amekopa zaidi ya alichokuwa nacho, na kwamba deni hilo halikudaiwa kwa bahati tu.

Kujua wakati wa kushuka

Msimu uliofuata alikimbia mara chache. Mnamo Februari 1958 alikwenda Havana, Cuba, ambako wapiganaji wa Fidel Castro walimteka nyara hotelini ili kuiaibisha serikali ya Fulgencio Batista. Walimtendea kwa heshima na kumwachilia baada ya mbio. Katika mbio alizozikosa, barabara ilikuwa imechafuka kwa mafuta, na gari moja liliteleza na kuingia katikati ya umati, likaua watazamaji kadhaa.

Mnamo Julai 6, 1958, alishiriki mbio za Ufaransa huko Reims, uwanja ambao miaka minne awali alikuwa ameanza na Mercedes kwa ushindi. Siku hiyo Musso, yule aliyekataa ushauri wake kule Monza, aliacha barabara akimfukuza Hawthorn na kufariki. Fangio alikuwa wa nne. Hawthorn, aliyekuwa akiongoza, alikaribia kumzunguka kwa mzunguko mzima karibu na mwisho, lakini akapunguza mwendo na kumwacha mzee amalize mbele yake. Fangio alishuka garini na kuwaambia makanika kwamba amefika mwisho.

Haukupita mwezi kabla ya Collins kufariki huko huko Nürburgring. Hawthorn aliaga dunia katika ajali ya barabarani nchini Uingereza mnamo Januari 1959. Ascari alikuwa amefariki 1955 na Castellotti Machi 1957, wote wakiwa katika majaribio ya magari.

Fangio alirejea Argentina na kushughulika na biashara ya magari, akawa baadaye rais wa Mercedes-Benz nchini humo. Mnamo 1986 makumbusho yenye jina lake yalifunguliwa Balcarce, na magari aliyoyaendesha yakawekwa humo. Alifariki Buenos Aires mnamo Julai 17, 1995, na kuzikwa katika mji aliozaliwa.

Idadi ya mataji yake matano haikupitwa hadi 2003, Michael Schumacher wa Ujerumani alipotwaa la sita. Hata hivyo, hakuna bingwa mwingine aliyeshinda sehemu kubwa kama yake ya mbio alizoanza, 24 kati ya 51, wala aliyetawazwa akiwa na umri wa miaka 46.